Maswali ya wasomaji: Nchi kubwa ikimega ardhi ya jirani, sie wa Tanga inatuhusu nini?

Mwezi huu barua na meseji nyingi zilizoingia zinauliza jambo moja, hizi vita za huko nje na habari za nchi kubwa kumega ardhi ya jirani na kuitangaza yake, kwaiyo nimeziweka pamoja. Zile za mirathi na viwanja zitangoja toleo lijalo, wenyewe mniwie radhi.

Mwalimu shikamoo. Sie hapa kijiweni Makorora kila jioni ni ubishi wa Urusi na Ukraine. Wenzangu wanasema Crimea ilikuwa ya Urusi toka zamani kwaiyo Putin kachukua chake tu, na kwamba ugomvi wa Wazungu sie hautuhusu. Mimi roho haikubali lakini sina hoja. Naomba unisaidie. (Kijana wa bodaboda, Makorora)

Marahaba mwanangu. Hiyo hoja ya "toka zamani" ndo inawakamata vijana wengi kwaiyo tuanze nayo. Ni kweli Urusi iliitawala Crimea, ile rasi ya Bahari Nyeusi, tangu 1783, lakini muulize mwenzako, kabla ya hapo je? Kabla ya hapo palikuwa na dola ya Watatari, Waislamu, chini ya kivuli cha Waturuki, na hao Watatari Stalin, mtawala wa Kisovieti, aliwazoa wote mwezi Mei 1944 akawapakia kwenye mabehewa akawatupa Asia ya kati. Sasa zamani ipi tunayoihesabu, ya nani? Mwaka 1954 Moscow yenyewe ikaihamishia Crimea kwenye jamhuri ya Ukraine, enzi hizo wote wako ndani ya Muungano wa Kisovieti. Muungano ulipovunjika Desemba 1991 Waukraine walipiga kura ya kujitegemea, na hata Crimea kwenyewe walio wengi, kwa tofauti ndogo lakini walio wengi, walisema ndiyo. Halafu Desemba 1994 pale Budapest, Ukraine ikakubali kuachana na silaha za nyuklia zilizobaki kwenye ardhi yake, na Urusi, Marekani na Uingereza wakaweka saini kwamba wataiheshimu mipaka yake. Saini ya Urusi ipo pale.

Kisha mwisho wa Februari 2014 wakatokea askari wasio na alama yoyote kwenye nguo, wakakamata bunge la Crimea, tarehe 16 Machi ikapigwa kura ya maoni bunduki zikiwa barabarani, tarehe 18 Machi mkataba ukasainiwa Moscow. Hazikufika wiki tatu! Nchi 100 kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa zilisema kura ile haina uhalali. Jirani akihamisha bikoni za kiwanja chako usiku, asubuhi akakwambia babu yake alilima hapo, wewe utamuuliza habari za babu au utamuuliza kwanini kaja usiku?

Na hiyo hoja ya zamani tuilete hapa kwetu uone inavyowaka moto. Pwani hii yote, Tanga, Pangani, Sadani, Bagamoyo, ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, ule ukanda wa maili kumi kutoka baharini ambao Waingereza na Wajerumani walikubaliana 1886 bila kumuuliza mkazi hata mmoja. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ikaukodi kwa Sultani, ikaja Pangani kushusha bendera yake na kupandisha yao, watu wakakataa, Abushiri bin Salim akaongoza vita na Desemba 1889 akanyongwa palepale Pangani. Mwaka uliofuata Ujerumani ikamlipa Sultani marki milioni nne mambo yakaisha, yaani watu wameuzwa na ardhi yao wakiwa wamekaa barazani kwao. Julai 1916 Waingereza wakaingia Tanga. Sasa kila aliyewahi kuitawala hii pwani akija leo na karatasi yake mfukoni, wewe na pikipiki yako utalala wapi?

Ama kuhusu kutuhusu. Nyie wa bodaboda ndo wa kwanza kujua. Urusi ilipoivamia Ukraine yote Februari 2022 bei ya petroli ilipanda mpaka serikali yetu ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni peke yake. Urusi na Ukraine kwa pamoja zilikuwa zinauza nje karibu robo ya ngano yote inayouzwa duniani, na Urusi ni muuzaji mkubwa wa mbolea, kwaiyo mama wa chapati wa Ngamiani na mkulima wa mahindi wa Handeni wote waliguswa, hata kama hawajui Crimea iko upande gani wa ramani. Wenzako wakisema haituhusu waulize mwaka ule lita walinunua shingapi.

Mwalimu, habari za siku. Kila nikifungua simu naona watu wanasema vita ya tatu ya dunia. Ninachotaka kuelewa ni hiki, ugomvi wa kipande kimoja cha ardhi unakuaje vita ya dunia nzima? Au ni kutishana tu? (Mama wa watoto watatu, Raskazone)

Nzuri mama, na swali hili umeliuliza ukiwa umekaa mahali penyewe, maana jibu lake lilishukia ufukweni hapo Raskazone.

Oktoba 1908 dola ya Austria na Hungary ilitangaza kwamba Bosnia na Herzegovina ni mali yake. Ilikuwa inapasimamia tangu 1878, lakini kwenye karatasi palikuwa bado pa Waturuki. Serbia jirani ikakasirika kwa sababu kule kuna Waserbia wengi, Urusi rafiki wa Serbia ikaona imedhalilishwa, Ujerumani ikasimama nyuma ya Austria, Urusi ikarudi nyuma kwa vile haikuwa tayari kwa vita. Magazeti yakasema mgogoro umekwisha. Haukuisha, uliwekwa kiporo, kila mmoja akaenda kujipanga. Juni 28, 1914 kijana wa Kiserbia wa Bosnia, Gavrilo Princip, akampiga risasi mrithi wa kiti cha Austria pale Sarajevo, mji mkuu wa hiyohiyo Bosnia iliyonyakuliwa. Mwezi mmoja baadae Austria ikaishambulia Serbia, Urusi ikaita majeshi yake, Ujerumani ikatangaza vita na Urusi kisha na Ufaransa, ikapita Ubelgiji, Uingereza nayo ikaingia tarehe 4 Agosti. Hakuna aliyeamka siku hiyo akasema leo napigana vita ya dunia, kila mmoja alikuwa anatimiza ahadi aliyompa rafiki yake.

Na sie? Kulikuwa na mkataba wa Berlin wa 1885 uliokuwa na kipengele cha kuyaacha makoloni ya ukanda huu yakae pembeni vita ikitokea Ulaya, na gavana wa Kijerumani, Schnee, alitaka kabisa kukitumia, Tanga na Dar zikawa zimewekeana makubaliano na manowari za Kiingereza zisipigwe. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari Fox ikaingia bandarini hapa ikasema makubaliano yamekufa. Wakashushwa Raskazone, kikosi cha watu kama 8,000, wengi Wahindi, watu waliotoka mbali bila kuujua hata huu mji unaitwaje, wakapambana na askari kama 1,000 wa kamanda wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, wengi wao Waafrika. Ndo ile vita wazee wanaita ya nyuki kwa sababu nyuki wa kwenye mashamba walitibuliwa na risasi wakawavamia. Kina Fox wakaondoka na vilio tarehe 5, lakini vita katika ukanda huu ikaendelea mpaka Novemba 25, 1918, siku kadhaa baada ya Ulaya wenyewe kuacha! Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa na maradhi, mashamba yakakaa bila watu. Kutoka risasi ya Sarajevo mpaka mizinga ya Tanga ni miezi minne na ushee. Kutoka kunyakuliwa Bosnia ni miaka sita.

Kwaiyo mama sio kutishana tu. Leo minyororo ile ya ahadi ipo kwa sura nyingine. NATO, muungano wa kijeshi wa Marekani na nchi nyingi za Ulaya, wana kipengele cha tano, akipigwa mmoja ni kama wamepigwa wote, na kwa woga wa Urusi Finland imejiunga 2023 na Sweden 2024, nchi ambazo miaka yote zilikataa kuingia. Novemba 15, 2022 kombora lilianguka kijiji cha Przewodów ndani ya Poland likaua watu wawili, na kwa masaa kadhaa dunia ilishika roho maana Poland ni NATO. Wakachunguza kwanza, wakasema inaelekea ni kombora la Ukraine la kujilinda lililopotea njia, wakatulia. Hilo ndo linalonipa moyo kidogo, kwamba mwaka 1914 uchunguzi haukuwazuia kupigana, 2022 ulisaidia kuwatuliza. Lakini usiku mwingine mtu mwingine anaweza asingoje, na sasa hivi pande zote mbili zina nyuklia. Nasema hivi sio kukutia hofu, ni kwamba ukiona viongozi wanaongea kwenye simu na maadui zao usiwacheke kuwa ni waoga.

Mwalimu mwenzangu, mimi nafundisha shule ya huku Mkinga karibu na Horohoro. Sie Wadigo tuko pande zote mbili, Kenya na Tanzania, harusi zetu ni za kuvuka mpaka. Wanafunzi wananiuliza, kama mipaka hii ni ya mkoloni kwanini tuiheshimu? Nami nashindwa kuwajibu vizuri.

Swali zito na wanafunzi wako wana akili. Ule mpaka wa kwenu ulichorwa 1886, kuanzia mdomo wa mto Umba, ukapanda mpaka ziwa Jipe, ukazunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, ukaishia ziwa Viktoria, na waliochora walikuwa Ulaya hawajawahi kuhudhuria hata ngoma moja ya Kidigo. Hakuna anayesema ni wa haki. Lakini waambie wanafunzi wahesabu, Wadigo wako pande mbili, Wamasai pande mbili, Wamakonde pande mbili, Waha na Warundi, Wasomali ndo usiseme. Kila nchi ikisema "wale kule ni ndugu zangu wanaongea lugha yangu basi na ardhi yao ni yangu", hakuna mtu Afrika atalala. Wasomali walijaribu, vita ya Ogaden 1977 na 1978, waliokufa ni wengi na mpaka ukabaki palepale. Haile Selassie aliivunja shirikisho na Eritrea 1962 akaimeza, Waeritrea wakapigana miaka thelathini mpaka 1991.

Ndo maana Julai 1964 pale Cairo viongozi wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, waliamua kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru, na Nyerere alikuwa mstari wa mbele kulisukuma hilo. Morocco na Somalia hawakulikubali. Na Februari 2022, siku chache kabla ya uvamizi, balozi wa Kenya kwenye Baraza la Usalama, Martin Kimani, aliyasema haya mbele ya dunia nzima, kwamba Afrika tungefuata ukabila na dini kuchora mipaka upya tungekuwa bado tunamwaga damu hadi leo. Mimi nilisikia fahari kama vile kasema wa kwetu.

Sasa hapa niseme wazi jambo linaloniuma. Machi 2022 kwenye Umoja wa Mataifa kura ya kuitaka Urusi iondoke Ukraine, nchi 141 zilikubali, Kenya mojawapo, sie Tanzania tulijizuia. Najua sababu zinazotolewa, siasa ya kutofungamana, urafiki wa zamani wa ukombozi, na hasira ya kuona Wamarekani waliovamia Iraq 2003 ndo wanatufundisha sheria. Hiyo hasira ni ya haki, na Marekani hiyohiyo 2019 iliitambua Golan, milima ya Syria iliyotekwa, kuwa ya Israel wakati Umoja wa Mataifa ulishasema toka 1981 kwamba unyakuzi ule ni batili. Lakini kosa la Mmarekani halimfanyi Mrusi awe na haki, na nchi iliyowahi kumegwa haifai kukosa la kusema nchi nyingine inapomegwa. Hayo ni mawazo yangu na nitayasema popote.

Kwa wanafunzi wako wanaotaka kuukomboa Udigo, waambie njia ipo na haina bunduki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikifanya kazi yake kisawasawa, mtu akavuka Horohoro na mzigo wake wa nazi bila kusumbuliwa, mpaka unabaki kwenye ramani na harusi zinaendelea.

Shikamoo. Marehemu mume wangu alipigana Kagera. Wajukuu hawaamini kwamba Uganda ilishawahi kuchukua ardhi yetu, wanaona bomba la mafuta linatoka Uganda linakuja Chongoleani wanasema bibi unatunga. Naomba uwaandikie. (Bibi, Chumbageni)

Shikamoo na wewe Bi Mkubwa, na Mungu amrehemu mzee wetu.

Wajukuu, bibi hatungi. Mwisho wa Oktoba 1978 askari wa Idi Amin waliingia Kagera, wakaua raia, wakaswaga ng'ombe, wakapora kiwanda cha sukari, wakavunja daraja la Kyaka. Novemba mosi Amin akatangaza redioni kwamba eneo lote kaskazini ya mto Kagera ni la Uganda, kama kilometa za mraba 1,800. Hoja yake ilikuwa hii hii mnayoisikia leo, mkoloni alichora vibaya, mpaka wa kweli ni mto. Kesho yake Nyerere akasema maneno ambayo babu yenu aliyajua kwa moyo, uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo.

Na ona vita inavyopanuka. Gaddafi akaleta askari wa Libya kumsaidia Amin, Waganda waliokimbia nchi yao wakaungana na sisi, na ile vita ya kurudisha ardhi ikafika mpaka Kampala Aprili 11, 1979. OAU yetu wenyewe, iliyoandika lile azimio la mipaka, haikumkemea Amin alipovamia, ikatuletea wapatanishi, na kwenye mkutano wa Monrovia Julai 1979 kuna viongozi waliotulaumu sisi kwa kuvuka. Nyerere alituomba tufunge mikanda miezi 18, bibi yenu anakumbuka mikanda ilifungwa miaka mingapi, foleni za sabuni na sukari, mulizeni akusimulieni. Kuna familia Tanga hii mpaka leo zina picha ya kijana ukutani asiyerudi.

Na bomba ni kweli, kilometa 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani, sehemu kubwa ipo kwetu. Halijafuta kilichotokea. Limewezekana kwa sababu mpaka ulirudi pale ulipokuwa na hatukuimega Uganda nasi kwa kulipiza, ingawa jeshi letu lilikuwa Kampala na hakuna ambaye angetuzuia.

Umoja wa Mataifa kazi yake nini kama hauwezi kuzuia haya? (Mvuvi, Sahare)

Inategemea aliyevamia ni nani kaka. Iraq ilipoivamia Kuwait Agosti 2, 1990, tarehe 8 ikaitangaza kuwa sehemu yake, tarehe 9 Baraza la Usalama likasema ni batili, na Februari 1991 Kuwait ikakombolewa kwa nguvu. Iraq haikuwa na kura ya turufu, ile ambayo nchi moja peke yake inazuia azimio la Baraza. Urusi inayo, kwaiyo Septemba 30, 2022 ilipotangaza mikoa minne ya Ukraine kuwa yake, Baraza lilikutana siku ileile na Urusi ikalizuia azimio kwa mkono wake mwenyewe. Marekani nayo hufanya hivyohivyo kumlinda Israel. Kinachobaki ni nchi nyingi kukataa kutambua, na usikidharau, maana ardhi isiyotambuliwa haikopesheki kirahisi na bima yake ni shida, na mwekezaji anaiogopa.

Mwalimu naomba jibu la haraka. Mwanangu wa miaka 23 kaahidiwa kazi Urusi na mtu aliyekutana nae mtandaoni, mshahara mkubwa, tiketi wanalipa wao, wanasema ni kazi ya ulinzi wa ghala. Baba yake anasema aende. Mimi sina amani. (Mama, Mikanjuni)

Mama, sikiliza moyo wako na fanya haraka. Tayari kuna kijana wa Kitanzania aliyeenda Urusi kusoma shahada ya pili, akaingia matatizoni akafungwa, gerezani akaahidiwa kuachiwa huru akipigana na kundi la Wagner, jeshi la kukodiwa la Urusi, akafa Ukraine Oktoba 2022. Wizara yetu ya mambo ya nje ilithibitisha Januari 2023 na mwili ukarudishwa kwao ukazikwa. Alikuwa na elimu na akili zake timamu, na bado.

Leo hii hii mwambie akuonyeshe mkataba wenyewe, sio meseji. Kama umeandikwa Kirusi asitie saini mpaka utafsiriwe na mtu asiyelipwa na hao jamaa. Wakala wa kupeleka watu nje lazima awe na kibali cha serikali, nendeni na jina lake TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, mkaulize kama anafahamika. Pasipoti asimpe mtu yeyote amshikie, na kama kashaitoa aidai irudi kabla ya jambo lingine. Baba yake usigombane nae peke yako, mwite kaka yako mkubwa, mjomba wa kijana, na imamu au mchungaji wenu, mkae nae baba kwanza kabla ya kukaa na mtoto, mumsomee hiki nilichoandika. Na jina la huyo mtu wa mtandaoni pamoja na namba yake andika kwenye karatasi ukaliache polisi, hata kama mwanao hataenda, maana hajamtafuta yeye peke yake.